Insha za Watoto na Maswali ya Walimu

Ninyi wazazi wa Msimbati, Mikindani na vijiji vya Ruvuma, leo nataka kusema nanyi juu ya insha za watoto wenu.

Mwalimu aandika ubaoni: "Eleza safari ya Livingstone." Wanafunzi arobaini waleta habari ile ile: alifika Mikindani mwaka 1866, kisha akafuata mto Ruvuma kwenda bara. Mmoja ameitoa kitabuni, wengine wametoa kwake, na siku hizi wengine wametoa katika simu ya kaka, nukta kwa nukta. Mwalimu akasirika. Lakini swali lenyewe lilitaka nini zaidi ya kunakili?

Swali likibadilika, kazi nayo yabadilika. Mtoto na aulizwe hivi: Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaamriwa kuzikusanya. Nyumbani kwenu habari hiyo ilipokewaje, na fedha zilifika lini? Hapo hapana pa kunakili. Yambidi amwendee baba, amwulize shangazi, awasikie wakipingana, kisha apime mwenyewe. (Na watapingana, nawajua watu wa korosho!)

Tena mwalimu asingoje insha iliyokwisha. Aone kwanza maandishi ya mwanzo, yenye mistari iliyokatwa, halafu amwite mtoto aseme kwa mdomo aliyoyaandika. Aliyeandikiwa na mwingine hukwama mara moja. Darasa likiwa kubwa, awaite watano leo, watano kesho.

Na mtoto akitumia maneno ya kitabu, afundishwe kukitaja. Si aibu, ni kama kusema ngalawa hii nimeiazima kwa fulani.

Sasa ninyi wazazi. Binti aliyesifiwa miaka mitatu kwa maneno ya wengine, mwaka wa nne aingia chumba cha mtihani hana simu wala rafiki, karatasi tupu mbele yake. Akijaribu kudanganya humo, Baraza la Mitihani laweza kumfutia matokeo, na fedha za sare, madaftari na nauli hazirudi.

Basi jioni, mkiisha kula, mwambie mwanao akusomee insha yake. Kama hujui kusoma, si kitu, sikiliza, kisha muulize, "Hili nani alikuambia?" Naye akija kukuuliza habari za korosho, au za ile reli ya Nachingwea iliyofungwa mwaka 1962, usimfukuze kwa kusema una kazi.