Israeli na Palestina: Tuache bendera kidogo, tuulize ploti ni ya nani

Mwaka wa 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Wazayuni ofa ya ardhi. Wayahudi walikuwa wakiuawa kule Urusi na walihitaji pa kukimbilia. Ardhi yenyewe haikuwa Jerusalem wala Jaffa. Ilikuwa Uasin Gishu. Naam, hapo hapo Eldoret. Watu wakauita "mpango wa Uganda" kwa sababu eneo hilo lilikuwa limekatwa kutoka Uganda mwaka mmoja tu awali na kuletwa upande huu. Kikosi kilitumwa kukagua nyanda hizo, na mnamo 1905 kongamano la Wazayuni lililokutana Basel likaikataa ofa.

Sasa jiulize: Chamberlain alikuwa na hati gani ya Uasin Gishu? Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa hata neno moja. Kuna watu duniani ambao siasa zao zote huanzia kwenye swali hilo. Wanaitwa walibertari. Kwao, mwili wako ni wako, jasho lako ni lako, na mali uliyoipata bila kuiba wala kumlazimisha mtu ni yako pia. Serikali haina shamba la kugawia watu, ila lile iliyowanyang'anya wengine.

Kuhusu ardhi wana kanuni fupi, waliyoirithi kwa John Locke wa karne ya 17. Shamba ni lako ikiwa ulilifyeka na kulitumia kabla ya mtu mwingine, au ulipewa au kuuziwa na mwenyewe kwa hiari yake. Robert Nozick, katika kitabu chake cha 1974, Anarchy, State, and Utopia, aliongeza kwamba mali iliyoporwa lazima irekebishiwe mwenyewe au warithi wake.

Ukileta kanuni hiyo Mashariki ya Kati, makelele mengi ya mitandaoni yanakosa kazi. Tamko la Balfour la 1917? Hiyo ni Uingereza ikigawa cha wenyewe, kama Uasin Gishu tu. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1947? Kura za mabalozi hazihamishi shamba la mtu. "Waarabu" kwa jumla hawamiliki kitu, na "Wayahudi" kwa jumla vilevile. Anayemiliki ni fulani, ana jina, na ploti yake ina mipaka.

Chukua bonde la Marj Ibn Amir, ambalo Waisraeli huliita Jezreel. Mnamo 1858 Waothmani walitunga sheria ya kusajili ardhi. Wakulima wengi waliiogopa. Walihofia jina likiingia kwenye daftari, kodi itafuata, kisha mwana atachukuliwa jeshini. Basi mashamba mengi yakaandikishwa kwa majina ya mabwanyenye wa mjini. Sehemu kubwa ya bonde hilo iliishia mikononi mwa familia ya Sursock, matajiri wa Beirut. Miaka ya mwanzo ya 1920 familia hiyo ikauza kwa mashirika ya Kizayuni. Pesa zililipwa, hati zikabadilishwa, na wakulima wakaambiwa wahame. Msomaji wa Kilifi au Kwale hahitaji kufafanuliwa: umelima hapo tangu enzi za babu, halafu anatokea mtu mwenye karatasi, anakuita skwota.

Hapa walibertari wenyewe hugawanyika. Wapo wanaosema mnunuzi alilipa, muuzaji alikuwa na hati, kesi imeisha. Lakini Murray Rothbard, mmoja wa vigogo wao, alifundisha kwamba hati ya bwanyenye ambaye hajawahi kushika jembe ni wizi uliopigwa muhuri, na mwenye shamba ni yule anayelilima. Kwa hesabu yake, pesa za Sursock zilipaswa kwenda kwa mkulima. Mimi naona Rothbard ana haki hapa, maana karatasi iliyozaliwa na hofu ya mkulima haiwezi kuitwa hiari.

Hata ukihesabu manunuzi yote, halali na yenye utata, Wayahudi walikuwa na takriban asilimia 7 pekee ya ardhi ya Palestina kufikia 1947. Mwaka uliofuata vita vikazuka na Wapalestina wapatao 700,000 wakakimbia au wakafukuzwa. Sheria ya Israeli ya 1950 kuhusu mali ya wasiokuwepo ikaweka nyumba na mashamba yao chini ya msimamizi wa serikali. Kulikuwa hata na watu waliokuwa bado ndani ya Israeli, kijiji cha pili tu, ambao kisheria walihesabiwa "hawapo". Leo takriban asilimia 93 ya ardhi ya Israeli iko mikononi mwa serikali na taasisi za umma, na wananchi hukodishwa kwa miaka 49 au 98. Nchi inayosifiwa kwa biashara huria, kwenye ardhi ni serikali tupu!

Mfano unaouma zaidi ni Sheikh Jarrah, Jerusalem Mashariki, mtaa uliojaa kwenye simu zetu 2021. Sheria ya 1970 inaruhusu Wayahudi kudai mali waliyokuwa nayo upande huo kabla ya 1948. Mpalestina aliyeacha nyumba Jerusalem Magharibi mwaka huo huo hana mlango kama huo. Mlibertari hana shida na dai la Myahudi mwenye ushahidi. Shida yake ni kwamba mlango umefunguliwa upande mmoja.

Msumeno huo hukata huku na huku. Iraq mnamo 1951 ilizuia mali za Wayahudi waliokuwa wakiondoka, na mamia ya maelfu waliotoka nchi za Kiarabu walipoteza nyumba na maduka. Nao wana madai. Tena Mamlaka ya Palestina huwafunga wanaowauzia Waisraeli ardhi. Kama huwezi kuuza ploti yako kwa umtakaye, si yako kamili.

Vita vya Gaza vimewagombanisha vibaya. Walter Block, anayeitetea Israeli, anadai Wayahudi wa leo ni warithi wa waliolima huko enzi za kale. Mnamo Januari 2024, Hans-Hermann Hoppe alimjibu kwa barua ya wazi yenye maneno makali, kwamba mrithi lazima awe mtu mahususi mwenye ushahidi wa ploti mahususi, si kabila zima baada ya miaka elfu mbili.

Lakini falsafa hii ina matundu. Mtu aliyezaliwa Haifa 1980 katika nyumba iliyochukuliwa 1948 hakuiba kitu. Ukisema alipwe fidia mwenye nyumba wa zamani, nani atoe? Serikali ingelazimika kukusanya kodi, na kodi kwa mlibertari ni wizi.

Tundu kubwa zaidi ni la wafugaji. Kanuni ya jembe humtambua mkulima. Mfugaji anayehama na mvua hupita kama upepo. Wabedui wa jangwa la Negev wamekuwa wakiambiwa na serikali kwamba malisho yao yalikuwa "ardhi mfu", neno la sheria za Waothmani, kwa hivyo ni ya dola. Wamaasai waliambiwa hadithi inayofanana na hiyo na Waingereza. Kijiji cha al-Araqib kimebomolewa zaidi ya mara 200 tangu 2010. Wakazi hujenga tena vibanda kando ya makaburi ya wazee wao, ambayo yalikuwepo kabla dola la Israeli halijazaliwa.