Hisa moja ao kapu la hati za deni: mwenye akiba Kindu aangalie nini?

Kongo haina soko la hisa, lakini tangu mwaka wa 2019 serikali inauzisha hati za deni kupitia banki. Kwa mkaaji wa Kindu aliyezoea likelemba, hisa na hati ni vitu viwili mbalimbali.

Mwenye hisa ni mmoja wa wenye kampuni: ikianguka, anaanguka nayo. Huko Kenya, hisa ya Safaricom iliuzwa shilingi 5 mwaka wa 2008, ikapita 40 mwaka wa 2021, kisha ikashuka chini ya 20 mwaka wa 2023. Feza ya minervali ya watoto haiwezi kungojea hivyo.

Mfuko wa hati, kama ule UTT AMIS ilianzisha Tanzania mwaka wa 2019, unakusanya madeni mengi pamoja. Faida ni ya polepole, lakini hati moja ikiharibika, akiba yote haipotei.

Ila kapu lenye hati za serikali ya Kongo peke yake lina mdaiwa mmoja tu. Na ikiwa ni hati za faranga, faranga ikishuka, bei ya sokoni inakula riba. Kabla ya kuuliza faida, tuulize: ninamkopesha nani, na atanilipa kwa feza gani?