Upasuaji wa matundu madogo si anasa kwa mtu wa Kalemie

Kila mara mazungumzo yanapofika kwenye upasuaji wa matundu madogo, ule ambao daktari anatoa kifuko cha nyongo chenye mawe bila kufungua tumbo, kuna mtu atakayesema: hayo ni mambo ya Kinshasa na ya Ulaya. Sisi huku tuna kolera, tuna malaria, tuna ndugu waliohamishwa na vita. Tuanze na hayo.

Maneno hayo yanaonekana kuwa ya busara. Lakini tujiulize: jeraha kubwa la tumbo linamuumiza nani zaidi? Mfanyakazi wa ofisi anayelipwa mshahara hata akilala nyumbani atapona taratibu. Mama anayeuza ndagala sokoni, mvuvi anayevuta wavu usiku kucha na kijana anayebeba mizigo bandarini hawana mtu wa kuwalipa wakilala. Baada ya tumbo kufunguliwa, mgonjwa anaambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki nne hadi sita. Kwa njia ya matundu madogo, wengi wanarudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na wiki moja au mbili baadaye wanaanza kazi nyepesi. Tofauti hiyo ni chakula cha watoto na karo ya shule. Kwa hiyo tunasema wazi: upasuaji huu unamfaa maskini kabla ya tajiri.

Tueleze kwanza ugonjwa wenyewe. Nyongo inatengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko kidogo chini yake. Mara nyingine inaganda na kuwa mawe. Watu wengi wenye mawe hayo hawasikii lolote, na hao kwa kawaida hawana haja ya kupasuliwa. Wengine wanashikwa na maumivu makali juu ya tumbo upande wa kuume, hasa baada ya kula mafuta, na maumivu yanaweza kufika mgongoni au begani. Ni rahisi kuyaita tumbo la asidi, au kusema ni sumu ya jirani. Mgonjwa anameza vidonge miezi na miezi, huku ekografi ya dakika chache ingetosha kuonyesha mawe.

Si ugonjwa wa watu wanene peke yao. Wanawake waliozaa wanaupata zaidi ya wanaume. Na kuna kundi ambalo sisi Wakongo hatuna haki ya kulisahau: watoto na vijana wenye SS. Chembe zao nyekundu za damu zinavunjika haraka, na mabaki yake yanageuka mawe katika nyongo, hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Nchi yetu ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye SS duniani. Kwa watoto hao jeraha kubwa ni hatari zaidi, maana maumivu yake yanawafanya wasipumue vizuri, na mapafu yanaweza kuingia matatizoni.

Hatari kubwa inakuja jiwe likitoka katika kifuko na kuziba mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai, na homa inapanda pamoja na kutetemeka. Hapo si jambo la kungoja mwisho wa mwezi. Nyongo iliyoziba na kuoza inaweza kuua kwa siku chache. Jiwe la mrijani lina tiba yake: kamera inayopitishwa kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba ili kulivuta, au upasuaji wa mrija wenyewe. Kazi hiyo inahitaji mabingwa wachache ambao hata nchi tajiri haziwaweki katika kila mji.

Njia ya matundu madogo si majaribio. Mjerumani Erich Mühe aliitumia kutoa kifuko cha nyongo mwaka 1985, na Mfaransa Philippe Mouret akafanya hivyo mjini Lyon mwaka 1987. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni, matundu matatu au manne yanatobolewa, kamera inaingizwa, na daktari anafanya kazi akitazama kioo cha televisheni. Leo ni njia ya kawaida duniani. Hapa mashariki mwa Congo, hospitali ya Panzi mjini Bukavu imetumia upasuaji wa namna hiyo kuwatibu wanawake, Daktari Denis Mukwege akishirikiana na mpasuaji Mbelgiji Guy-Bernard Cadière. Basi asiseme mtu kwamba kamera haiwezi kufanya kazi katika nchi yetu.

Lakini hatutaki gavana au mfadhili aje kesho kukata utepe mbele ya mashine mpya, kisha mashine hiyo ibaki chini ya shuka ikila vumbi. Umeme wa Bendera ukikatika kamera ikiwa ndani ya tumbo, nani atawasha jenereta, na kwa dakika ngapi? Gesi ikiisha, itatoka wapi? Taa ya kamera ikiungua, fundi yuko wapi? Tena, daktari ambaye hajazoea anaweza kukata mrija wa nyongo akidhani ni mrija mdogo wa kifuko. Kosa hilo linaweza kumharibia mgonjwa maisha yote. Ndiyo maana daktari mwenye akili, akiona mambo hayaeleweki, anafungua tumbo kwa njia ya zamani bila aibu.

Mongolia, nchi pana yenye watu wachache na safari ndefu kama zetu, ilipitia njia hiyo. Ilianza miaka ya 1990 katika mji mkuu. Kisha walimu kutoka nje walirudi mwaka baada ya mwaka kufundisha timu nzima: mpasuaji, mtu wa dawa ya usingizi, muuguzi na fundi, hata katika hospitali za mikoani. Mwaka 2005 ni wagonjwa wachache sana waliotolewa kifuko kwa matundu madogo. Chini ya miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya nusu. Watu walitangulia, mashine zikafuata.

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya jimbo la Tanganyika na wabunge wake mambo manne. Kwanza, ekografi ipatikane kila siku hospitalini Kalemie, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Pili, timu nzima ipelekwe kujifunza, na bajeti ionyeshe mwaka wa kuondoka na mwaka wa kurudi, kabla ya kununua kamera. Tatu, yawepo makubaliano ya maandishi na hospitali za Lubumbashi, na za Kigoma ng'ambo ya ziwa, kwa mgonjwa mwenye jiwe mrijani. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Familia isianze kutafuta namba ya simu ya daktari siku ile macho ya mgonjwa yamekuwa ya manjano na parsele imekwisha uzwa. Nne, watoto wa SS wapimwe nyongo kila mwaka bila kulipa.

Je, fedha hizo zitaibiwa kwenye kolera na uzazi? Hapana. Oksijeni, umeme usiokatika, ekografi na mtu anayejua kulaza mgonjwa vinamwokoa pia mama anayepasuliwa ili azae, na mtoto aliyepasukiwa utumbo kwa tifoidi. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha uzazi wa bure. Chumba cha upasuaji kinachomhudumia mama huyo ndicho kitakachomhudumia mwenye mawe.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Maumivu yanayorudi kila baada ya mlo wa mafuta yapimwe. Tuache kunywa mafuta na ndimu ili "kutoa mawe": yale madonge yanayotoka chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda, na mawe yamebaki palepale. Na mtu akiona macho ya manjano pamoja na homa, aende hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Bajeti ya jimbo inapojadiliwa, tutatafuta ndani yake mstari wa timu hiyo. Usipokuwemo, tutauliza kwa nini.