KARANI AANDIKAYE USIKU

Yako mambo yafanyikayo katika mwambao wetu ambayo hayasikiki sana barazani, nayo yazidi kukua mwaka hata mwaka. Mojawapo ni hili la watu wenye kazi zao za mchana, makarani, walimu wa chuoni, mafundi wa saa, wanawake wenye nyumba na wana, ambao wakisha kuswali Isha na kula hujitenga na daftari, au na simu, wakaandika hadithi ndefu za mambo yasiyopata kuwa: miji iliyo chini ya bahari, wafalme wa nchi zisizomo ramanini, safari za juu ya mawingu. Hawalipwi, wala hawajui kama hadithi hizo zitapata kuwa vitabu. Waandika kwa kupenda, kama mwengine apendavyo bao au kuvua samaki siku ya Jumapili.

Mwandishi wa makala haya alilijua jambo hili vyema pale kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alipokuja nyumbani baada ya Maghrib na daftari tatu mkobani. Kazi yake ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kutwa yu katika karatasi za forodha. Hadithi yake, ambayo ndiyo riwaya ya kwanza kuijaribu, ni ya mji ulio chini ya maji nje ya Bandari ya Kale, mji wa majahazi yote yaliyozama baina ya Mombasa na Maskati. Anayeutawala ni karani mwenye daftari la shehena, na sheria ya mji ni moja tu: kisichoandikwa daftarini hakitoki. Binti wa nahodha ateremka kumtafuta babake. Afunguliwa daftari, jina la babake halimo.

Nilipofika hapo, chai yangu ilikuwa imekwisha poa.

Kijana huyo alikuwa amekwisha kuupeleka mswada wake kwa mchapishaji mmoja. Baada ya miezi minane alipata jibu la mistari miwili, kwamba hadithi yapendeza lakini haielekei kuwa kitabu cha shule. "Maalim," akaniuliza, "hadithi ikipendeza, yakosa nini tena?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Hapa Kenya mchapishaji wa Kiswahili huishi kwa shule. Tangu mwaka 2018 serikali yenyewe ndiyo inayonunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni, na riwaya ya kusomwa na watahiniwa wa sekondari huteuliwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala. Riwaya iliyoteuliwa husomwa na kila mtahiniwa kwa miaka kadhaa. Isiyoteuliwa hukaa rafuni ikila vumbi. Mchapishaji ni mfanyabiashara, ana watu wa kuwalipa mishahara, na hatumlaumu kwa kutazama upande utokako mkate wake. Lakini matokeo yake ni kwamba mwandishi, tangu ukurasa wa kwanza, huwa na mtahini ameketi begani mwake. Mtahini ataka dhamira. Ataka ufisadi uwemo, ukabila uwemo, na dawa za kulevya zisikosekane. Riwaya za namna hiyo tumezisoma nyingi, na baadhi yake ni nzuri kweli; nyengine ni orodha ya majanga iliyovishwa majina ya watu.

Hatusemi kwamba fantasia, yaani hadithi hizi za ajabu, haimo kabisa katika Kiswahili cha siku za karibuni. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vidogo vya kuumiza kichwa. Mtu wetu wa pwani, marehemu Katama Mkangi, alitoa Walenisi mwaka 1995, na humo mhukumiwa wa kifo atiwa katika chombo cha angani ili akafie mbali, naye badala ya kufa afika katika ulimwengu mwengine wenye haki kuliko alikotoka. Said Ahmed Mohamed akaleta Babu Alipofufuka mwaka 2001, na Kyallo Wamitila akafuatia na Bina-Adamu! mwaka 2002. Lakini tazama ni kina nani hawa: wote ni watu wa vyuo vikuu. Karani wa bandarini hayumo.

Na kumbe aliyetutangulia katika njia hii alikuwa karani, tena wa forodha! Shaaban Robert, mzaliwa wa karibu na Tanga, aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 akadumu humo hadi 1944, kisha akaendelea kuitumikia serikali katika idara nyengine. Mchana alikuwa mtu wa mafaili ya Mwingereza. Uandishi wake ulikuwa wa saa zake mwenyewe. Riwaya yake ya kwanza kutoka kitabuni, Kusadikika, ilichapishwa mwaka 1951, na ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambako Karama ashtakiwa na waziri Majivuno, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo ya kuitengeneza nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani. Msomaji wa mwaka 1951 hakuhitaji kuambiwa ni serikali gani iliyowafunga wenye kuleta heri. Lakini aliyeandika alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na laiti angeiandika nchi hiyo kwa jina lake la kweli, sijui kama kalamu ingebaki mkononi mwake. Uajabu ulimpa nafasi ya kusema. Hapakuwa na mtahini begani. Baadaye wanafunzi wakafanywa watahiniwe kwa kitabu hicho hicho, na mimi kila nikikumbuka hilo hucheka.

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa kijana wetu ni kwamba hadithi yake haikosi kitu. Iliyokosa ni njia. Na njia, kidogo kidogo, zimeanza kufunguka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilikubali miswada ambayo haijapata kuchapishwa. Tanzania nayo ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza wakatuzwa mwaka 2023. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya hapa kwetu, iliyoanza mwaka 1974, ni ya vitabu vilivyokwisha chapishwa, na kwa hivyo haimfai mtu aliye na daftari tu.

Liko swali jengine ambalo kijana aliliuliza kwa sauti ya chini. Mamake alimwambia kwamba kukesha ukitunga mambo yasiyokuwako ni uongo, na pia ni kupoteza saa ambazo mtu ataulizwa. Mimi si mtoa fatwa, na masheikh wapo. Lakini si vibaya tukumbuke kwamba wanazuoni wetu waliosoma Kiarabu walikuwa na Maqamat za al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Huyu pia alikuwa mtu wa kazi ya serikali, na kitabu chake ni visa vya Abu Zaid wa Saruj, ayari mwenye ufasaha wa kuwatoa watu fedha mifukoni. Katika dibaji yake al-Hariri aliwajibu mapema waliotaka kumlaumu: kwamba hajasikia mtu akizikataa hadithi zilizotiwa midomoni mwa wanyama, na kwamba amali hutazamwa kwa nia zake. Kitabu hicho kikasomeshwa karne kwa karne. Mwongo ataka aaminiwe. Mtunzi na msomaji wake wamekwisha kupatana tangu mwanzo kwamba hii ni hadithi.

Lile la kupoteza saa ni zito zaidi, na mama huyo simpingi. Mtu akikesha na hadithi hata Alfajiri ikampita, na asubuhi akakosea karatasi za mizigo ya watu, basi mchezo umekwisha kuwa maradhi. Nilimwambia kijana aandike saa moja kwa usiku na kufunga daftari. J.R.R. Tolkien, Mwingereza ambaye riwaya zake za namna hii zimesomwa duniani kote, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Sentensi ya kwanza ya kitabu chake cha The Hobbit aliiandika katika ukurasa mtupu aliouachiwa na mtahiniwa, alipokuwa akisahihisha mitihani. Kitabu kilitoka mwaka 1937. Kilichofuata kilimchukua hadi mwaka 1949 kukimaliza, akikifanya katika nafasi alizozipata. Anayeandika kwa kupenda hana haraka, na hiyo ni mali ambayo mwandishi wa vitabu vya shule hanayo.

Sasa tuje katika hadithi yenyewe, maana penye daftari la tatu niliona kasoro, na naiona katika miswada mingi ya namna hii. Binti amekwama, karani wa chini ya bahari hataki kusikia, na mara jini atokea, awabeba binti na babake mpaka ufuoni. Nikamuuliza, "Na ile sheria?" Akanyamaza. Ikiwa jini aweza kumtoa asiyeandikwa, basi sheria haikuwa kitu, na hofu tuliyoiona kwa daftari mbili tulitishwa bure.

Mtunzi wa mwambao yuko katika hali tofauti na ya Tolkien. Yule akiandika habari za viumbe vyake, msomaji wake haviamini. Kwetu majini si kitu cha kubuniwa. Qurani ina sura nzima yenye jina lao, ya 72. Ukimfanya jini kuwa mchukuzi wa kuwavusha watu wako kila wanapokwama, umechukua jambo ambalo msomaji wako aliamini kwa uzito wake ukalifanya kijiko cha kukorogea chai. Tena si lazima umwache jini nje. Shaaban Robert alimtia katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, lakini tazama alivyomtia. Huria, binti wa majini, amwokoa Adili aliyetiwa baharini na ndugu zake, kisha awageuza ndugu hao manyani, na amwamuru Adili awapige kila usiku kwa mkono wake mwenyewe, naye awapenda. Msaada umekuja na mzigo wake, na mzigo ndio hadithi. Asili yake imo katika Alfu Lela u Lela, ambako mwenye kisa ni liwali wa Basra zama za Harun al-Rashid na ndugu wamegeuzwa mbwa. Shaaban alihamisha nyumba nzima: Basra ikawa Janibu, mbwa wakawa manyani. Anayeanza riwaya ya kwanza na asijue aanzie wapi, kazi hiyo ya kuhamisha kisa cha kale ni chuo kizuri.

Kuna na wanawake. Hao huandika kwa siri kubwa zaidi, na mmoja amewahi kuniambia kwamba mumewe adhani aandika hesabu za sokoni. Kwa ajili yao nitataja kisa cha Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengali aliyezaliwa mwaka 1880 katika nyumba yenye utawa mkali. Kiingereza alifundishwa na kakake usiku, wakubwa wakisha kulala. Aliolewa na hakimu katika mji wa Bhagalpur, na siku moja mumewe alipokuwa safarini kikazi, Rokeya aliandika Ndoto ya Sultana kwa kujipitishia wakati, kwa Kiingereza hicho hicho cha usiku. Ni hadithi fupi ya nchi ambako wanaume ndio wanaotawishwa ndani, na wanawake waendesha mambo: wapikia joto la jua, wateka maji mawinguni, wasafiri kwa chombo cha hewani. Mume aliporudi aliisoma yote akiwa amesimama, na akasema kwamba ni kisasi kikali. Ikachapishwa katika gazeti la wanawake huko Madras mwaka 1905, wakati eropleni ya kwanza haijatimiza miaka miwili tangu iruke. Mwaka 1909, baada ya mumewe kufa, Rokeya alifungua skuli ya wasichana na wanafunzi watano. Huu ni mwambao ambako Mwana Kupona aliandika utenzi wake mwaka 1858. Mwanamke mwenye kalamu ndani ya nyumba si mgeni kwetu, na sioni kwa nini daftari lake lazima liitwe la hesabu za sokoni.

Limebaki jambo dogo la lugha, ambalo kwangu si dogo. Watu wa chini ya bahari katika hadithi ya kijana wetu wasema Kimvita, na nahodha aliyepotea asema Kiamu. Rafiki yake mmoja alimshauri avifute vyote viwe Kiswahili sanifu, kwa sababu binti akiitwa "ndoo hapa" msomaji wa bara atadhani aitiwa ndoo ya maji. Mimi nilimwambia aviache. Mji wa majahazi yaliyozama utasema lugha gani, kama si ya waliozama?

Juma lililopita alirudi. Lile jini amelitoa. Binti sasa amekaa kitako mbele ya karani, amechukua kalamu, na aulizwa kwamba akiliandika jina la babake katika daftari hilo, ni jina la nani litakalofutwa, maana kurasa zimejaa. Kijana mwenyewe hajui bado atajibu nini. Alichokuja kuuliza ni jina la kamba ile inayoshika foromali ya jahazi, nami nikamwelekeza kwa mzee mmoja, serang'i wa zamani, ambaye hukaa Bandari ya Kale baada ya Alasiri.