Tuwaandike Bibi Zetu

Nina shauri ambalo huenda baadhi ya wenzangu wakalicheka.

Bibi yangu, aliyemzaa mama, alifariki Mbweni muhula uliopita, nami nikiwa hapa dakhalia. Hakuwa mtu mkubwa kwa hesabu ya watu wa mjini. Hakuwahi kuwa sheha wala mwalimu. Walakini haikupita siku bila ya mtu kubisha hodi mlangoni pake.

Yeye ndiye aliyekuwa akitunza vyombo vya shughuli vya mtaa: masufuria makubwa ya pilau, masinia, sahani na miko, vyote vilivyonunuliwa kwa michango ya kina mama. Iwe harusi, maulidi au matanga, watu walikuja kwake. Kila sahani aliitia alama ya rangi nyekundu chini yake. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa mchukuzi wake, na uzito wa kila sufuria naujua kwa kichwa changu. Alishika pia upatu wa wanawake 22, na akifa mwanamke, aliitwa yeye kuosha maiti, hata usiku wa manane. Mzazi akijifungua, uji wa pilipili manga ulitoka jikoni kwa bibi kabla mume hajapata habari. (Nasema kweli, nimeshuhudia.)

Daftari hakuwa nalo. Nani kachukua sinia ngapi, zamu ya upatu ni ya nani, nani hajalipa, yote yalikuwa moyoni mwake. Baada ya khitma ndipo tulipoijua hasara yetu. Masufuria mawili makubwa hayajulikani yako kwa nani. Wanawake wawili, marafiki wa miaka mingi, wanagombania zamu moja, na kila mmoja ana hakika kuwa bibi alimwahidi yeye. Mama amejaribu kuwapatanisha, ameshindwa. Nami, msomi wa kidato cha nne, kila likizo nilikaa naye barazani, wala sikumwambia hata siku moja, "Bibi, nitajie nikuandikie." Alikuwa akisimulia, nami nikitazama simu.

Sasa tutazame upande mwingine wa Mbweni hiyo hiyo. Karibu na pwani yako magofu ya skuli ya wasichana ya wamisionari wa U.M.C.A. kutoka Uingereza, walionunua shamba pale mwaka 1871, wakawaweka watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 alifika Bibi Caroline Thackeray, akaiongoza skuli ile kwa miaka 25. Alipoacha kazi mwaka 1902 hakurudi kwao; alikaa Mbweni hata akafa, mwaka 1926. Wageni wakija huambiwa upesi kuwa alikuwa na ujamaa na Thackeray mwandishi wa riwaya, kana kwamba miaka 49 aliyokaa nasi haikutosha kumpa jina!

Simwonei kijicho bibi yule, alistahili kukumbukwa. Lakini twamjua kwa kuwa watu wake walikuwa watu wa barua na ripoti, na karatasi zao zikawekwa. Je, wale wasichana aliowafundisha? Walipozaa, mkunga wao alikuwa nani? Walipokufa, nani aliwaosha? Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, wakavuka kwenda bara wakaanzisha kijiji Masasi. Ukisoma habari zao, jina la Askofu ndilo la kwanza; wao huitwa "watu waliokombolewa", basi.

Na Steere huyo huyo, mwaka 1870, alichapisha London hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mgeni aliketi, akasikiliza, akaandika. Sisi tuliozaliwa na lugha hii mdomoni twangoja nini?

Mwenzangu mmoja wa dakhalia aliniambia kuwa historia ni ya wafalme na vita, na kwamba habari za masufuria ni mambo ya wanawake. Nilimwuliza, siku ya harusi yake pilau itapikwa katika kofia ya mfalme gani? Hakunijibu mpaka leo.

Basi shauri langu ni hili. Likizo ijayo walimu wetu wa Kiswahili wamwagize kila mwanafunzi aende na daftari moja, akae na bibi yake, au bibi wa jirani kama wake ametangulia. Aandike kazi zake, si sifa zake: ametunza nini, amemzalisha nani, amepatanisha ugomvi gani. Siri za watu asiziandike bila ruhusa. Madaftari hayo yawekwe katika maktaba ya skuli. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto kaketi barazani na mzee mchana kutwa, msimwambie anapoteza wakati wa mtihani.

Mimi nimeanza, ingawa nimechelewa. Nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani mwezi uliopita nilizunguka nyumba 11, nikiwaomba watu wapindue sahani zao. Nimepata sahani 34 zenye alama nyekundu, na sinia moja. Wale marafiki wawili bado hawasemezani. Masufuria nayo bado. Moja lina mkono mmoja uliopinda, na atakayeliona tafadhali amjulishe mama.