Kwa Boti na Mtumbwi Chini ya Milima ya Gombe

Watu wa Norwei wanazo ghuba ndefu nyembamba, zenye kuta za mawe zilizosimama wima majini. Huitwa fiodi, nazo zilichimbwa na barafu nzito iliyoshuka milimani zamani sana. Iliyo kubwa huko, Sognefjord, ina kina cha mita 1,308. Wageni hulipa fedha nyingi waizunguke kwa meli, kisha kwa kimtumbwi cha mtu mmoja.

Nasi wa Kigoma tunacho cha kulinganisha. Panda boti pale Kibirizi uelekee kaskazini. Utaona milima ikishuka mpaka majini, na mabondeni msitu wa Gombe, kwao sokwe waliochunguzwa na Jane Goodall tangu mwaka 1960. Ziwa letu halikuchimbwa na barafu. Nchi yenyewe ilipasuka, kuta zikaachana, katikati pakadidimia hata kina kikafika mita 1,470. Basi sakafu yake iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari!

Boti hukuonyesha milima. Ukitaka kuyaona maji, omba mtumbwi, upite polepole kando ya mawe asubuhi kungali shwari. Chini yako watacheza visamaki vya rangi ambavyo vingi havipatikani penginepo duniani. Hata Livingstone na Stanley, walipokutana Ujiji mwaka 1871, walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini, wakajionea kwamba Mto Ruzizi huingia ziwani, wala hautoki. Ubishi wa miaka ukakoma.

Lakini uchunge upepo wa kusini, uvumao kwa nguvu tangu Mei hadi Septemba. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi. Vaa jaketi la kuokolea maisha. Wakikucheka, waache wacheke.

Walakini upepo huo ndio utulishao. Chini kabisa samaki hawezi kuvuta pumzi, ila kuna rutuba tele. Upepo huyakoroga maji, rutuba ikapanda, vijimea vikaota, dagaa wakashiba. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki tena kama zamani, na chakula cha samaki kimepungua. Juu ya hayo, uvuvi umezidi. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, tangu 15 Mei. Ukifika Kibirizi, waulize akina mama waanikao dagaa mchangani miezi ile ilikuwaje.