Mazungumzo na Bwana Shamba: Nyigu wa Chuma na Farasi Sita



Nyigu unamjua. Hujenga kiota chake chini ya paa au kwenye tawi la mwembe. Ni mdogo, lakini akikuuma humsahau siku hiyo. Wajerumani nao wana nyigu huko kwao. Kwa lugha yao wanamwita Wespe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vita vya mwaka 1939 hadi 1945, walilipa gari moja la vita jina hilo.

Mwezi huu tutazungumza juu ya gari hilo. Labda utauliza, Bwana Shamba ana kazi gani na magari ya vita? Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba habari hii inamhusu kila mkulima anayefikiria kukodi au kununua trekta.

MZINGA ULIOKOKOTWA

Kwanza tueleze mzinga. Sisemi mzinga wa nyuki. Nasema mzinga wa vita, yaani bunduki kubwa sana inayotupa kombora mbali. Mzinga uliotumiwa sana na jeshi la Ujerumani ulikuwa na mdomo wenye upana wa milimita 105. Kombora lake lilikuwa na uzito wa karibu kilo 15, na liliweza kwenda zaidi ya kilometa 10. Mara nyingi wapiga mzinga hawakumwona adui. Walikaa nyuma ya kilima. Mtu aliyekuwa mbele aliwaambia kwa simu au redio wapige wapi.

Mzinga huo ulikuwa na uzito wa karibu tani 2. Ulikuwa na magurudumu mawili, lakini haukuwa na injini. Nani aliukokota? Farasi sita.

Usishangae, ndugu msomaji. Watu wengi wakitazama picha za vita hivyo huona vifaru na ndege tu. Wanadhani jeshi lote la Ujerumani lilikwenda kwa injini. Sivyo. Askari wengi walitembea kwa miguu, na mizigo mingi ilivutwa na farasi. Mwezi Juni 1941 Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovyeti. Jeshi lake lilikwenda huko na farasi zaidi ya 600,000. Katika vita vyote, Wajerumani walitumia farasi na nyumbu wa kufugwa wapatao milioni 2.75. Hiyo ilikuwa nchi yenye viwanda vikubwa, na bado ilitegemea wanyama.

SHIDA ILIKUWA NINI?

Shida ilikuwa mwendo. Kifaru kina injini na minyororo ya chuma badala ya magurudumu. Kinapita kwenye tope na mashimo. Farasi huchoka. Ni lazima ale, anywe na apumzike. Basi vifaru vilitangulia mbele, na mizinga ikabaki nyuma. Na mzinga ulipofika, ilibidi farasi wafunguliwe na mzinga ugeuzwe na kusimamishwa vizuri kabla ya kupiga. Adui akijibu upesi, farasi walikufa, na mzinga haukuweza kuondoka tena.

Kwa hiyo wakuu wa jeshi walitaka mzinga unaojiendesha wenyewe.

GARI LA ZAMANI, KAZI MPYA

Wajerumani walikuwa na kifaru chepesi kilichoitwa Panzer II. Kilipigana Poland mwaka 1939 na Ufaransa mwaka 1940. Bunduki yake ilikuwa ndogo, ya milimita 20 tu. Kilipokutana na vifaru vikubwa zaidi, kikaonekana dhaifu. Lakini mwili wake na minyororo yake vilikuwa bado vinafaa.

Mafundi walifanya hivi. Waliondoa kichwa cha juu chenye ile bunduki ndogo. Waliurefusha mwili kidogo. Injini iliyokuwa nyuma wakaihamishia katikati. Nyuma wakapata nafasi, na hapo wakauweka ule mzinga wa milimita 105. Wakauzungushia kuta za chuma chembamba. Juu hawakufunika. Mvua ikinyesha, askari walilowa.

Hilo ndilo lililoitwa Wespe. Lilikuwa na uzito wa tani 11 na lilibeba watu watano. Injini yake ya petroli ilikuwa na nguvu za farasi 140. Kwenye barabara nzuri liliweza kwenda kilometa 40 kwa saa. Magari haya yaliingia katika vita vikubwa kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1943, huko Kursk. Pamoja nayo lilikuwapo gari kubwa zaidi lililoitwa Hummel, jina la nyuki mkubwa mwenye manyoya. Hilo lilibeba mzinga wa milimita 150.

Sasa tazama jambo moja. Mzinga uliokokotwa na farasi sita sasa ulibebwa na injini yenye nguvu za farasi 140. Kwa nini nguvu nyingi hivyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitumika kulibeba gari lenyewe, chuma chake, minyororo yake, watu wake na petroli yake. Mashine huenda haraka, lakini nayo hula. Na chakula chake hakioti kando ya njia kama majani.

MKIA WA NYIGU NI MREFU

Wespe lilibeba makombora 32. Askari wakipiga makombora manne kwa dakika, yote yalikwisha kwa dakika nane. Baada ya hapo gari lile la tani 11 halikuwa na la kufanya.

Kwa hiyo ilibidi litengenezwe gari la pili la namna ileile, lakini lisilo na mzinga. Kazi yake ilikuwa kubeba makombora tu. Magari ya mzinga yalitengenezwa 676. Magari ya kubeba makombora yalitengenezwa 159. Maana yake ni kwamba karibu gari moja katika kila matano halikuwa na mzinga. Lilikuwapo ili mengine yapate kupiga.

Na nyuma ya hayo yalikuja malori ya petroli, malori ya vipuri, mafundi na wapishi. Mtu anayeona picha ya Wespe anaona kichwa cha nyigu. Mkia wake mrefu haumo katika picha.

Tena, magari 676 yalikuwa machache sana. Mizinga ya milimita 105 ya kukokotwa ilitengenezwa zaidi ya 10,000. Magari ya Wespe yalipewa vikosi vilivyokwenda na vifaru. Vikosi vingi vya askari wa miguu viliendelea kutumia farasi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945.

MKIA ULIPOKATIKA

Ujerumani haikuwa na mafuta mengi ya ardhini. Ilipata mafuta kutoka Romania, na ilitengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe katika viwanda vikubwa. Mwezi Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kuvipiga viwanda hivyo kwa nguvu. Mwezi Agosti 1944 Romania iligeuka na kuiacha Ujerumani. Petroli ikawa adimu. Magari mengi ya vita yaliachwa njiani, mengine yakiwa na injini nzima. Askari waliyaharibu wenyewe ili yasichukuliwe, kisha wakaenda kwa miguu.

Kiwanda nacho kina habari yake. Wespe lilitengenezwa Warsaw, mji mkuu wa Poland, katika kiwanda cha Ursus. Kabla ya vita, kiwanda hicho kilikuwa mali ya Wapolandi. Kilitengeneza matrekta, malori na hata vifaru vya jeshi lao. Wajerumani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1939, wakakichukua. Katikati ya mwaka 1944 jeshi la Kisovyeti lilikuwa likikaribia Warsaw, na kazi ya kutengeneza Wespe ikakoma. Kuanzia hapo hapakuwa na gari jipya la namna hiyo.

Hatulisifu gari hili, ndugu msomaji. Lilitengenezwa ili kuua watu, na jeshi lililolitumia liliingia katika nchi za wengine na kuzitesa. Tunalitazama ili tujue mashine inavyoishi na inavyokufa.

Baada ya vita, kiwanda cha Ursus kilirudi kutengeneza matrekta ya kulimia. Na mwishoni mwa miaka ya 2010, matrekta yenye jina la Ursus yaliunganishwa hapa kwetu Tanzania, Kibaha, katika mkoa wa Pwani. Hivyo jina lililokuwa kwenye lango la kiwanda cha Wespe limefika mpaka katika mashamba yetu.

TREKTA LINA MKIA PIA

Trekta ni jambo jema. Jozi ya maksai hulima karibu nusu ekari hadi ekari moja kwa siku. Trekta hulima ekari nyingi. Lakini nalo lina mkia wake, yaani dizeli, vipuri, dereva na fundi. Mkia ukikatika wakati wa mvua, njaa inaingia nyumbani.

Katika kata moja niliyofanya kazi, wakulima waliahidiwa trekta la kukodi. Baadhi yao waliwauza maksai wao mnadani, wakasema siku za nira zimekwisha. Trekta lilikuja kweli. Siku ya tatu pampu ya dizeli ikaharibika. Kipuri kilitafutwa mjini kwa wiki tatu. Mvua za kwanza zikapita. Waliobaki na maksai walipanda kwa wakati. Waliouza walipanda kwa kuchelewa, na mahindi yao yalikauka kabla ya kubeba. Mwaka ule watoto wa nyumba hizo walikula mlo mmoja kwa siku. Wengine waliacha shule wakaenda kufanya vibarua.

Kosa halikuwa kulipenda trekta. Kosa lilikuwa kuuza maksai kabla ya kujua mkia wa trekta uko wapi.

ULIZENI KABLA YA KUTOA FEDHA

Kama kikundi chenu au chama chenu cha ushirika kinataka trekta, kaeni pamoja mjibu maswali haya:

1. Dizeli itanunuliwa wapi, na kwa kila ekari itagharimu shilingi ngapi?

2. Vipuri vya trekta la aina hiyo vinauzwa wapi? Kipuri kikihitajika leo, kitafika baada ya siku ngapi?

3. Nani dereva, na nani fundi? Wamejifunza kweli, au wanajaribu?

4. Nani ataandika katika daftari saa za kazi, mafuta yaliyotumika na ekari zilizolimwa? Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Trekta likiharibika katikati ya masika, mtalima kwa kitu gani?

Swali la tano ndilo kubwa. Mwenye maksai wazima na plau iliyonolewa analo jibu. Basi usimdharau ng'ombe wako kwa sababu umeona picha ya mashine. Mpe majani na maji, mtibu kwa wakati, na mfunze ndama wa kuchukua nafasi yake. Trekta likija, karibu. Lisipokuja, shamba litalimwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Kwa nini Wajerumani waliuweka mzinga juu ya gari?

Kwa nini yalihitajika magari mengine ya namna ileile yasiyokuwa na mzinga?

Hapa kijijini kwetu, mashine gani imesimama kwa kukosa kipuri au mafuta? Tangu lini? Nani anaweza kuifufua?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya nira nzuri isiyoumiza bega la maksai.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu